Nilibandika Juu, Nakuta Chini

Mama Mshauri, shikamoo. Najua wanaokuandikia wana shida za waume wanaotoka nje ya ndoa na mawifi wenye maneno, na mimi nakuja na habari za stika za ukutani, utanisamehe, ila naomba usome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana ninapokuandikia niko kwa dada yangu, begi langu liko nyuma ya mlango wake, mume wangu anarudi Ijumaa kutoka safari ya kazi na mpaka hapo inabidi niwe nimeamua kama narudi kwenye ile nyumba tunayopanga au namwachia yeye nyumba yake, na sina mtu wa kuniamulia.

Nianze mwanzo. Sisi ni wawili, kabla ya kuhamia hapo tulikuwa watatu. Binti yetu alishikwa na homa, tukadhani ni homa kama homa nyingine, kumbe sivyo, tukamzika kabla hajaanza shule. Baada ya msiba kila aliyekuja kutupa pole alitushauri tuhame, anzeni upya, nyie bado vijana, Mungu atawapa mwingine, na sisi tukaona ni kweli, tukagawa nguo zake, picha tukaziacha kwa mama mkwe, tukakubaliana kwamba kwenye nyumba mpya hayo mambo hatutayaongelea, na nikwambie kweli Mama, katika ndoa yetu hatujawahi kushika ahadi yoyote kama tulivyoishika hiyo.

Nyumba yenyewe ni sebule, jiko dogo, chumba cha kulala na kachumba kengine tunachoweka mabegi, yote hayo nyuma ya nyumba anamoishi mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima, mpole, lakini kwa usafi utamkoma. Siku ya kutukabidhi ufunguo alipitisha kiganja ukutani kama mtu anayechagua kitambaa dukani, akasema rangi hii ni mpya, sitaki rangi nyingine juu yake, sitaki msumari, sitaki hata tundu la pini, mkiondoka nataka kuta zangu kama nilivyowapa. Kuta nyeupe pe pe pe, Mama. Ukikaa sebuleni unasikia kama unasubiri kuitwa na daktari, na mimi vyumba vya kusubiri daktari nimevikaa vya kutosha.

Bahati nzuri nauza kwenye duka la vyombo vya nyumbani, na wateja wetu nusu ni wapangaji wenye masharti kama yangu, kwa hiyo ujanja wa kupamba bila kupaka rangi naujua. Nikanunua ile fimbo ya pazia yenye springi ndani, unaikaza katikati ya kuta mbili inajishika yenyewe, nikanunua karatasi ya kujibandika yenye sura ya mbao nikavisha milango ya kabati la jikoni, zulia, kulabu za kubandika za mkoba na kofia na taulo la vyombo, kioo chepesi cha kushikwa na tepu ya gundi, na stika za majani, mmea mzima unaotambaa ukutani kutoka dirishani mpaka juu ya kochi. Vyote hivyo siku ya kuhama unavibandua, na ukuta hausemi kitu.

Sasa mume wangu ni fundi wa stika. Ndiyo kazi yake, wanabandika maandishi na picha kwenye vioo vya maduka na ubavuni mwa mabasi. Aliporudi akakuta nimebandika majani yangu, yamejaa viputo vya hewa kila mahali, alicheka mpaka akakaa chini, akasema ukuta umeota upele, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza namsikia anacheka tangu msiba. Akayabandua yote, akachanganya maji na tone la sabuni ya vyombo, akanyunyiza ukuta, akalaza jani moja moja, likawa linateleza kabla ya kushika, halafu akasukuma maji kwa kadi ngumu aliyoivisha kitambaa mpaka likalala kama limechorwa. Akanifundisha kwamba kazini kwao hubandiki kitu kabla hujauliza nani atakiangalia, kama ni dereva, kama ni mtembea kwa miguu, kama ni mtu aliyeketi, ukishajua ndipo unabandika usawa wa macho yake. Tukabandika usawa wa macho yetu sisi, tukala, tukalala. Nilikuwa na furaha siku ile, na tangu mambo haya yaanze nimekuwa nikijiuliza kama ile furaha ndiyo iliyotuponza.

Ilianza na kulabu ya mlangoni. Jioni nimetoka dukani, nimechoka, natundika mkoba bila kuangalia kama ninavyofanya kila siku, mkono ukagusa ukuta mtupu. Nikatazama, kulabu iko chini, usawa wa nyonga yangu. Nikasema gundi imeteleza. Lakini gundi ikiteleza inaacha njia, Mama, na kulabu inaning'inia upande, hii ilikuwa imenyooka na imeshika vizuri kuliko nilivyoishikisha mimi. Nikaibandua nikairudisha juu. Kesho yake jioni iko chini, pale pale.

Halafu ya taulo jikoni. Halafu kioo. Kioo ndicho kilichoniogopesha hasa, maana niliingia na akili zangu zote, nikatazama kioo kama mtu anayetoka kazini anavyotazama uso wake, nikaona mwanamke hana kichwa, gauni langu, mikono yangu, shingo imekatwa na ukingo, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ni mimi na kwamba kioo kimeshushwa. Nilikuwa peke yangu mle ndani. Nikatoka nikakaa kizingitini mpaka mume wangu aliporudi.

Nilimuuliza. Akasema, "Gundi za siku hizi." Basi. Hakukitazama kioo, hakuniuliza nimejuaje, akapita akaenda kuoga. Na kesho yake nilipokuwa namvizia kwa jicho la pembeni nione atafanyaje na kofia yake, aliinama, akaitundika kwenye kulabu ya chini kama mtu ambaye siku zote hutundika kofia kwa kuinama. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba labda yeye hayaoni, labda ni mimi tu ninayeoneshwa.

Yale majani yalishuka kwa awamu. Leo mawili, keshokutwa manne, mpaka mmea wote ukawa umetambaa chini ya kiuno changu, na yamelala vizuri, hakuna kiputo hata kimoja, ila ukisogeza pua ukutani unasikia harufu ya sabuni. Siku ile nilichuchumaa ili niyaone vizuri. Mama, nilipochuchumaa chumba kikanigeukia. Sijui niseme vipi ueleweke. Pale chini majani yako mbele ya macho, kioo kinakuonesha uso, kulabu iko mkono unapofika, kila kitu kimekaa mahali pake. Tulivyokuwa tumesimama ndiyo tulikuwa tunakiona chumba vibaya. Kilikuwa kimepangwa kwa ajili ya mtu wa kimo kile, na kimo kile ninakijua, nilikuwa nakifunga vifungo vya sweta kila asubuhi.

Hapo mtu mwenye akili angehama. Mimi niliacha kuvirudisha juu. Nikawa natoka dukani mapema, nachuchumaa pale, natulia, miguu ikifa ganzi ndiyo nainuka kwenda kupika. Sikumwambia mtu. Nilikuwa naogopa na nilikuwa sitaki iishe, hayo mawili yalikuwa yanakaa pamoja ndani yangu kama wapangaji wasiosalimiana.

Siku moja mama mwenye nyumba alikuja kuangalia bomba la jikoni. Akazunguka, akatazama kulabu, akatazama kioo, akainama kidogo kutazama majani, akatabasamu. Akasema, "Hamkuniambia mna mtoto." Nikamwambia hatuna. Akanitazama, akautazama tena ukuta, akasema haya. Lakini Mama, alipokuwa anaondoka alishusha sauti, akafungua mlango taratibu na kuuvuta taratibu, vile mtu anavyofanya kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonikimbizia usingizi. Zile kulabu zinapanda. Nilikuwa natoa mkoba kwenye kulabu nikaona chini yake alama hafifu ya gundi, kamraba kadogo, mahali ilipokuwa zamani. Imepanda upana wa kidole. Nikaenda jikoni, nayo imepanda. Kioo kimepanda. Majani yamepanda, yote, kiasi kile kile. Baadaye kikaongezeka kidole kingine. Nilikaa sakafuni nikijaribu kufikiri ni kitu gani kinachopanda polepole hivyo, na jibu nilikuwa nalo kabla sijamaliza kujiuliza, watoto ndio wanaopanda hivyo, anakua. Binti yangu yumo ndani ya zile kuta na anakua, Mama, na mimi sijamwambia hata baba yake.

Halafu mume wangu akasafiri, kampuni ya mabasi mji wa mbali wanataka mabasi yao yote yabandikwe picha mpya. Tangu alipotoka hakuna kilichosogea. Hakuna. Niliingia kila jioni natazama, kulabu hapo hapo, kioo hapo hapo, nikasikia wivu, utashangaa, nikasema mtoto amemfuata baba yake safari, mimi kaniacha na kuta.

Ndipo Jumapili. Nilifua, nikala, komeo la mlango nililifunga mwenyewe kwa ndani, nikajilaza kochini mchana kweupe na jua liko dirishani. Nilipoamka, mlango wa kale kachumba ka mabegi ulikuwa umejaa nyota. Stika za nyota za njano. Pakiti ile nilimnunulia yeye tukiwa nyumba ya zamani, hatukuwahi kuifungua, ndicho kitu pekee nilichokificha siku ya kugawa vitu, kilikuwa chini kabisa ya begi langu. Nyota zimepinda, zimejaa viputo, zimebandikwa ovyo kama zinavyobandikwa na mtu asiyejua, na zote ziko kwenye kimo kile, kile kipya, baada ya kupanda. Komeo bado limefungwa. Nilijitazama nikakuta kucha zangu zina gundi, lakini hiyo nadhani ni lebo za bei za dukani, huwa tunazibandua siku nzima.

Nilitoka na begi. Dada yangu anasema nyumba isafishwe, anamjua mtu anayejua kazi hiyo, yuko tayari kuja kabla ya Ijumaa. Na hapo ndipo nilipokwama. Naogopa kwamba yumo mle ndani. Na naogopa zaidi huyo mtu aje amfukuze, nibaki na kuta nyeupe. Nirudi au nisirudi? Nimwambie mume wangu au nimwache na amani yake, maana yeye naona amesahau? Nisaidie Mama, mimi akili yangu imefika mwisho.

Ni mimi,
Mpangaji wa Kuta Nyeupe

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, marahaba, na pole. Pole ya msiba kwanza, maana naona wengi walikupa ushauri na wachache walikupa pole. Sijakucheka. Nilipofika kwenye kioo niliinuka nikawasha taa, na ilikuwa saa za mchana.

Sasa nikugombeze kidogo, kwa sababu umeniomba. Umelala kitanda kimoja na fundi wa stika miaka yote hiyo, vitu vya gundi vinahama ukutani kwako, na wewe unakwenda kutafuta mzimu. Tangu lini mzimu ukachanganya maji na sabuni ya vyombo? Harufu ya sabuni uliisikia kwa pua yako, ukaniandikia mimi nisiyekujua, ukashindwa kumuuliza aliye mezani kwako. Majani hayana kiputo, kulabu imenyooka kuliko ulivyoinyoosha wewe, na kofia anaitundika kwa kuinama kwa sababu anajua ilipo, yeye ndiye aliyeiweka. Bila shaka anarudi nyumbani mchana wewe ukiwa dukani. Akisafiri, hakuna kinachosogea. Unahitaji nini zaidi, picha?

Kuna kosa kubwa zaidi umelifanya na nataka ulisikie. Umesema amesahau. Mwanangu, yeye mwenyewe alikufundisha sheria ya kazi yake, kwamba fundi habandiki kitu kabla hajauliza nani atakiangalia. Siku ya kwanza alikubandikia wewe, usawa wa macho yako, akakaa na kuta hizo, akaona hazimtoshi. Ndipo akaanza kurudi mchana na chupa yake ya sabuni, akambandikia yule mwingine. Huyo ndiye uliyemwona mtu mwenye amani zake. Mwanamume aliyezuiwa kumtaja mwanawe kwa mdomo amemtaja kwa kulabu, na nyie wawili mkapita hapo kila siku, mnatundika kofia na mkoba, hamsemi neno.

Na kule kupanda. Nilipoisoma sehemu hiyo niliiweka barua yako chini nikatoka nje kwanza. Wewe umeniambia mtoto yumo ukutani na anakua. Mimi nakwambia hakuna anayemkuza mtoto aliyekwisha kuzikwa isipokuwa aliyemzaa. Baba yake anahesabu. Anajua kama angekuwepo leo angekuwa amefika wapi, kidole kwa kidole, na anasogeza kulabu ili aifikie. Usije ukamwambia huo ni wehu, maana nakuja kwako sasa.

Zile nyota ni wewe. Tulia, usilitupe gazeti. Hazina sabuni, zina viputo, zimepinda, hiyo ni kazi yako ile ile iliyomchekesha mumeo. Pakiti ulikuwa unajua peke yako ilipo. Komeo ulilifunga mwenyewe kwa ndani, na Jumapili dukani hukwenda, ulikuwa unafua, maji ya sabuni yangekutoa lebo zote za bei kwenye kucha. Ulimkosa mtoto siku hizo alizosafiri baba yake, ukainuka usingizini ukamtafuta kwa njia uliyojifunza. Mtu aliyeelemewa na huzuni mwili wake unaweza kufanya kazi akili ikiwa imelala, na kwa hilo usione haya kwenda hospitali kuongea na watu wanaolijua, mwende wote wawili. Lakini tazama: yeye amebandika kwa siri, wewe umebandika usingizini, hamjasemezana hata neno, na mikono yenu imefika kimo kimoja. Hilo nimelifikiria sana. Siwezi kukuapia kwamba hayumo mle ndani. Ninachojua ni kwamba walioweka vitu ukutani ni wazazi wake.

Kwa hiyo sikiliza na ufuate. Yule mtu wa kusafisha nyumba, dada yako amwambie asije. Hakuna wa kufukuzwa hapo. Begi lichukue urudi leo, wala usingoje Ijumaa, ili mumeo asikute nyumba tupu akadhani amepoteza na wa pili. Kama una mpango wa kumnasa akiwa na chupa ya sabuni mkononi kama mwizi wa kuku, uache, hakuiba kitu.

Mama mwenye nyumba nenda ukamwone. Alikuuliza jambo la kawaida kabisa, ukamjibu hatuna, na nadhani hilo neno limekuchoma kuliko kioo. Mwambie tulikuwa naye. Atakuelewa, na hata asipoelewa, utakuwa umelisema kwa mdomo wako.

Kuhusu kuta zenyewe, maana ndizo ulizoanza nazo, usibandue kitu kwa hasira wala kwa woga. Stika ikivutwa baridi inaondoka na rangi, na hiyo rangi si yako. Siku mtakayotaka kubandua, ipasheni kwanza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka gundi ilegee, shika ncha, vuta polepole ikiwa imelala karibu na ukuta, mabaki ya gundi yapakwe mafuta kidogo ya kupikia, yapanguswe, halafu sabuni. Lakini amueni pamoja nini kibaki chini na nini kirudi juu. Nyie nao mnaishi mle ndani, mnahitaji kioo cha kuwaonesha vichwa vyenu. Nendeni kwa mama mkwe mkachukue picha hata moja, ile anayocheka, ipeni ukuta wake, ishikeni kwa tepu ya gundi isiyotoboa. Hiyo haina haja ya kupanda wala kushuka.

Na mwisho, mwanangu. Barua yako ni ndefu, na nimeisoma mara ya pili nikitafuta kitu kimoja tu, jina la binti yenu. Halimo. Umeniandikia fimbo ya pazia ina springi, umeniandikia rangi ya nyota, mtoto umemwita yeye, binti, mtu wa kimo kile. Gazetini hatutaji majina ya watu, hilo ni sawa, lakini humo ndani mwenu nani amewakataza? Mlikatazana wenyewe. Mtoto asiyetajwa hana pa kukaa, ndiyo maana mmempa ukuta. Ijumaa mumeo akifika, usimsubirishe chakula wala maelezo. Mwite kwa jina ambalo watu walikuwa wakimwita tangu binti azaliwe, baba fulani, lile jina mlilolizika pamoja na mtoto. Litamtetemesha, na wewe litakutetemesha. Lirudie. Madirisha yawe wazi, sauti isiwe ya kunong'ona, na jirani akisikia, asikie.